Profesa Thomas Odhiambo: Mtaalamu wa wadudu aliyeijengea Afrika ngome ya maandishi

PROFESA Thomas Risley Odhiambo, aliyeiaga dunia Mei 26, 2003, anakumbukwa na wengi kama bingwa wa elimu ya wadudu na mwasisi wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa ufupi kama ICIPE. Kampasi ya kituo hicho iliyoko Mbita, kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, ina jina lake hadi leo.

Lipo hata hivyo jambo jingine katika maisha yake lisilotajwa sana, ambalo uzito wake umeonekana zaidi baada ya yeye kuondoka. Odhiambo alitumia zaidi ya miaka thelathini kuhakikisha kwamba yale yanayojulikana na kuvumbuliwa Afrika yanapimwa, yanaandikwa na kuchapishwa Afrika, tena kwa tarehe na kwa majina ya waliohusika.

Kwa mtazamo wa haraka kazi hiyo ni ya makarani. Lakini dunia ya leo ina ofisi zinazoweza kumpa mtu hati ya kumiliki maarifa ambayo wakulima wa nchi ya mbali wameyatumia kwa vizazi. Mbele ya ofisi hizo, simulizi ya mdomo haina nguvu kama karatasi yenye tarehe.

Hati hiyo huitwa hataza. Ni haki inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi ili kwa muda, ambao kwa kawaida ni miaka 20, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Kwa upande wake, mvumbuzi hutakiwa kueleza wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi ili muda huo ukiisha kiwe mali ya wote.

Ili hataza itolewe sharti uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelibuni kwa urahisi, na uwe na matumizi. Hataza inayotolewa bila masharti hayo kutimizwa ni dhaifu. Lakini udhaifu wake hauonekani kwa macho. Mpaka mtu ajitokeze kuipinga, akiwa na mawakili, fedha na ushahidi, hataza dhaifu hutisha sawasawa na ile iliyo imara.

MTOTO WA PWANI, MWANAFUNZI WA MASENO

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa Februari 4, 1931, katika familia ya Waluo. Huko pwani, mti wa mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi, ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika nyua za watu na katika lugha yenyewe, kwa kuwa ulipewa jina kutokana na maradhi arobaini uliyosadikiwa kutibu.

Alisoma katika Shule ya Maseno, iliyowalea wasomi wengi wa Nyanza, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baada ya masomo alifanya kazi ya utafiti wa wadudu waharibifu wa mimea katika idara ya kilimo ya Uganda. Ndiko alikouona ulimwengu wa wadudu kwa jicho la mkulima, yaani kwa hesabu ya magunia yanayopotea.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, akajiunga na Chuo cha Queens'. Mwalimu wake alikuwa Vincent Wigglesworth, mmoja wa wataalamu wakubwa wa maumbile ya wadudu wa karne iliyopita. Odhiambo alichunguza nzige wa jangwani, hasa namna homoni zinavyotawala ukomavu na uzazi wa nzige dume. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965.

Alirejea Kenya mwaka huo huo kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, wakati ambapo wanasayansi Waafrika wa kiwango chake waliweza kuhesabika kwa vidole. Baadaye alikuwa profesa wa elimu ya wadudu, na mwaka 1970 akawa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo.

Mwaka 1967 jarida la kisayansi la Marekani, Science, lilichapisha makala yake kuhusu nafasi ya sayansi katika maendeleo ya Afrika Mashariki. Ndani yake alieleza uhaba wa wanasayansi wenyeji na haja ya kuijenga sayansi juu ya msingi wa Kiafrika, badala ya kuendelea kuingoja itoke ng'ambo.

NCHI ILIYOSAJILI MAAMUZI YA LONDON

Ugumu wa hali ya wakati huo unaonekana vizuri katika sheria ya Kenya yenyewe. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, nchi haikuwa na utaratibu wake wa kuchunguza na kutoa hataza. Sheria ya Usajili wa Hataza ilimruhusu tu mtu aliyekwisha kupewa hataza Uingereza kuja kuisajili Nairobi.

Maana yake ni kwamba Mkenya aliyebuni chombo Homa Bay au Migori alipaswa kwanza kukubaliwa London. Na hataza iliyotolewa London kimakosa ilikuwa na njia ya kuingia katika daftari la Kenya pamoja na makosa yake, kwa sababu hapakuwa na mkaguzi wa Kenya wa kuuliza kama jambo hilo lilikuwa jipya kweli.

Hali hiyo ilibadilika kwa Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989, iliyowezesha kuanzishwa kwa ofisi ya taifa mwaka 1990. Sheria mpya ya mwaka 2001 ndiyo iliyoanzisha Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI, inayoendelea na kazi hiyo hadi sasa.

Lakini ofisi ni nusu tu ya jibu. Mkaguzi wa hataza huamua upya wa jambo kwa kutazama yaliyoandikwa kabla yake. Kama nchi haina watafiti wanaochapisha, mkaguzi wake atasoma vitabu vya wengine tu, na wakaguzi wa nchi nyingine hawatakuwa na chochote cha kusoma kuihusu nchi hiyo. Pengo hilo ndilo Odhiambo alilolishughulikia.

ICIPE YAZALIWA

ICIPE ilianzishwa Nairobi mwaka 1970, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake. Mwanzo wake ulikuwa wa hali ya chini, katika majengo ya kuazima ya chuo kikuu huko Chiromo. Miaka mingi baadaye kituo kilihamia makao yake ya kudumu Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville, neno lililotiwa Kiswahili ndani yake kwa makusudi.

Mbinu aliyoitumia ilikuwa ya ujasiri. Aliwaendea wanasayansi mashuhuri wa dunia akawashawishi waelekeze utafiti Nairobi huku wakiwa bado na vyeo katika vyuo vyao. Miongoni mwao walikuwamo Carroll Williams wa Harvard, Jerrold Meinwald wa Cornell, Carl Djerassi wa Stanford na Koji Nakanishi wa Columbia. Vijana Waafrika waliofanya kazi chini yao walijifunza kwa mabingwa bila kuihama nchi.

Djerassi alikuwa mfano wa upande mwema wa hataza. Jina lake lilikuwa kwenye hataza ya Marekani ya mwaka 1956 kuhusu kemikali iliyochangia kuzaliwa kwa vidonge vya mpango wa uzazi. Kemikali hiyo haikuwapo duniani kabla ya yeye na wenzake kuitengeneza maabara. Hataza ya namna hiyo haina wa kuilalamikia kwamba ameibiwa maarifa ya babu zake.

Nakanishi naye alijishughulisha na mimea inayofukuza wadudu. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha pendekezo la umbo la azadirachtin, kemikali ya mwarobaini inayowafanya nzige waache kula. Umbo hilo lilirekebishwa na wataalamu wengine miaka kumi baadaye, na hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda: mmoja huandika, mwingine husahihisha, na kila hatua hubaki na tarehe yake.

Mwaka 1980 ICIPE ilianza kuchapisha jarida lake la kimataifa la sayansi ya wadudu, Odhiambo akiwa mhariri mwasisi. Mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa kuwasomesha Waafrika shahada za uzamivu katika sayansi ya wadudu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya bara hili. Desemba 1985 alikuwa mstari wa mbele kuasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Akademia hiyo nayo ilianza jarida lake mwaka 1989.

Kwa kazi hiyo Odhiambo alitunukiwa mwaka 1987 Tuzo ya Afrika ya Uongozi wa Kukomesha Njaa, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Aliipokea pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal.

MBITA, LAMBWE NA WAKULIMA WA NYANZA KUSINI

Odhiambo hakutaka kituo chake kiwe cha Nairobi peke yake. Alikipeleka Mbita, ng'ambo ya maji membamba yanayoitenga na Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya. Wakati huo eneo lote lilikuwa katika Wilaya ya Nyanza Kusini, iliyojumuisha sehemu ambazo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori.

Uchaguzi huo ulikuwa na sababu. Mahindi na mtama wa Nyanza Kusini ulishambuliwa na viwavi wanaotoboa mabua, na pia na gugu linaloitwa kayongo kwa Dholuo, ambalo hujishika kwenye mizizi ya nafaka na kuinyonya. Katika Bonde la Lambwe, mbung'o walikuwa wakieneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mlipuko wa malale wa mwaka 1980 uliwakumbusha wakazi wa bonde hilo kwa nini wazee wao waliliogopa.

Watafiti wa ICIPE walibuni mtego wa mbung'o kule Nguruman, katika nchi ya Wamaasai, ambao jina lake, NGU, lilitokana na mahali hapo. Ulitengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na ukatiwa chambo cha asetoni na mkojo wa ng'ombe. Vipimo vyake vilichapishwa katika majarida ya kisayansi. Mfugaji mwenye uzi na sindano aliweza kuushona, na mbinu ya wananchi kutega wenyewe ilipelekwa pia Lambwe.

Faida ya kuchapisha haikuishia kwa mfugaji huyo. Kwa sheria za hataza, jambo lililokwisha kuchapishwa haliwezi tena kuitwa jipya. Mtu ambaye angeutazama mtego ule na kwenda kuuombea hataza kwa jina lake angekutana na maandishi ya Nairobi yakiwa yamemtangulia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa mbinu iliyoifanya Mbita ijulikane duniani, inayoitwa sukuma-vuta. Utafiti wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, na uliongozwa na wanasayansi wengine, kwa sehemu kubwa baada ya Odhiambo kuondoka. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na kuzungushia shamba nyasi za nepia. Harufu ya desmodiamu huwasukuma vipepeo wanaozaa viwavi, na nepia huwavuta nje.

Jambo ambalo halikutarajiwa lilionekana katika mashamba ya Mbita. Palipopandwa desmodiamu, kayongo lilipungua mno, kwa kuwa mizizi yake hutoa kemikali zinazolivuruga gugu hilo. Matokeo yalichapishwa, na wakulima wa Homa Bay, Migori na kwingineko magharibi mwa Kenya wakaichukua mbinu hiyo.

MWAROBAINI MBELE YA MAHAKAMA YA MUNICH

Mwaka 1994 ulikuwa wa mwisho kwa Odhiambo katika ukurugenzi wa ICIPE. Miaka yake ya mwisho ya uongozi ilikuwa na mashaka ya fedha na lawama za wafadhili, na nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi. Mtu aliyekijenga kituo kutoka vyumba vya kuazima alikiacha kikiwa na jina duniani lakini kikihitaji kupangwa upya.

Katika mwaka huo huo, Septemba 1994, Ofisi ya Hataza ya Ulaya yenye makao yake Munich iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W.R. Grace hataza kuhusu njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa kutumia mafuta ya mwarobaini.

Kwa mtu wa India habari hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba jua lina mwenyewe. Wakulima wa huko walikuwa wakitumia mbegu na mafuta ya mti huo tangu enzi za mababu. Hata kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako mwarobaini huchumwa uani na kuchemshwa, dai hilo lilikuwa la kushangaza.

Mwaka 1995 hataza hiyo ilipingwa na Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet aliyekuwa mbunge wa Ulaya kutoka Ubelgiji, na shirikisho la kimataifa la wakulima wa kilimo hai. Odhiambo hakuwa miongoni mwa wapinzani hao. Kesi yenyewe, hata hivyo, ilipima jambo ambalo yeye alilijengea taasisi: je, maarifa ya watu wa nchi za joto yanaweza kuthibitishwa mbele ya mkaguzi wa kigeni?

Jibu lilipatikana kwa taabu. Kusema kwamba kila mtu anajua hakukutosha. Ilibidi apatikane mfanyabiashara wa India, Abhay Phadke, aeleze kwa tarehe na vipimo jinsi kiwanda chake kilivyotengeneza na kujaribu dawa ya mwarobaini kabla ya ombi la Wamarekani kuwasilishwa. Mei 10, 2000, hataza ilifutwa. Wenye hataza walikata rufani, na rufani hiyo ikatupwa Machi 8, 2005.

Kwa hiyo hataza ambayo haikupaswa kutolewa iliwachukua wapinzani takriban miaka kumi kuiondoa. Odhiambo alikuwa amefariki karibu miaka miwili kabla ya neno la mwisho kutamkwa.

Huko Marekani njia ilikuwa nyembamba zaidi. Kwa sheria ya nchi hiyo, hadi Machi 2013, matumizi ya jambo katika nchi ya kigeni hayakuhesabika kuwa ushahidi dhidi ya hataza, isipokuwa yawe yamechapishwa au yamepewa hataza. Kijiji kizima kingeweza kutoa ushahidi kwamba kinalijua jambo tangu zamani, na ushahidi huo usifae kitu kwa kukosa ukurasa mmoja uliopigwa chapa.

Sheria hiyo ilijaribiwa kwa manjano, kiungo kinachojulikana katika kila jiko la pwani. Machi 1995 ilitolewa hataza ya Marekani juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa kisayansi la India lilikwenda na maandishi ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kesi ilikwisha mapema kwa sababu karatasi zilikuwepo.

Ilijaribiwa pia kwa maharagwe. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja alipewa hataza ya maharagwe ya manjano aliyoyakuza kutokana na mbegu zilizonunuliwa Mexico, akawabana waliokuwa wakiyaingiza Marekani kutoka huko. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha CIAT, nchini Colombia, kilipinga Desemba 2000 kikitumia kumbukumbu za benki yake ya mbegu. Hataza hiyo iliangushwa kabisa mwaka 2009. Kwa miaka yote hiyo hasara ilikuwa ya mkulima na mfanyabiashara wa Mexico.

Katika kesi zote tatu walioshinda ni wale waliokuwa na taasisi nyuma yao, yenye kumbukumbu zilizohifadhiwa kabla ya ugomvi kuanza. Hakuna aliyeweza kuanza kuandika siku ya kesi.

NAIROBI ILIKUWA IMEKWISHA KUANDIKA

Kwa upande wa mwarobaini, Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Julai 1986, miaka minane kabla ya hataza ya Munich, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Tatu wa Kimataifa wa Mwarobaini, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka uliofuata. Wataalamu walijadili hapo matumizi ya mti huo dhidi ya wadudu waharibifu. Katika miaka ya 1990 ICIPE iliendesha mradi wa kuwahamasisha wananchi kuupanda na kuutumia mwarobaini, na Mbita ilikuwa mojawapo ya sehemu za kazi hiyo.

Si haki kudai kwamba maandishi ya Nairobi ndiyo yaliyoiangusha hataza ya Munich, kwa maana ushahidi uliotumika ulitoka India. Lakini tofauti ya hali hiyo na ile aliyoikuta Odhiambo mwaka 1965 ni kubwa. Aliporudi kutoka Cambridge, Kenya haikuwa na jarida la kimataifa la wadudu, haikuwa na kituo cha kuandaa watafiti wa fani hiyo, wala ofisi ya kuchunguza hataza. Alipofariki, vyote vitatu vilikuwepo, na viwili kati ya hivyo vilikuwa kazi ya mikono yake.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Kuchapisha humzuia mwizi, lakini hakumlipi mwenye mali. Mganga au mkulima anayemweleza mtafiti siri ya jani fulani, kisha siri hiyo ikatangazwa kwa dunia nzima, amekingwa dhidi ya hataza ya mgeni. Hajapata hata hivyo senti moja, na mtu yeyote sasa aweza kulitumia jani hilo kibiashara. Ngome hulinda; haijazi ghala.

Kwa sababu hiyo Kenya ilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Sheria hiyo inaipa jamii haki juu ya maarifa yake, na inataka idhini yake itafutwe kabla ya mtu wa nje kuyatumia. Serikali za kaunti nazo zimepewa wajibu wa usajili wa awali wa maarifa ya jadi yaliyo ndani ya mipaka yake. Mei 2024, nchi wanachama wa Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani zilikubaliana juu ya mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze chimbuko la mimea na maarifa ya jadi aliyoyategemea.

Yote hayo bado yanahitaji kazi ile ile ya kuchosha: mtu aende kijijini, asikilize, apime, aandike, aweke tarehe. Bila hivyo daftari la kaunti hubaki tupu na mkataba hukosa cha kutetea.

Migori na Homa Bay ni kaunti zenye mengi ya kuandikwa. Wapo wazee wanaojua mti upi hufukuza viroboto bandani na upi huhifadhi mtama usiliwe na fukusi. Wapo wavuvi wanaozijua tabia za samaki wa ziwa kwa namna ambayo haijaingia kitabuni. Kila mzee anayezikwa bila maarifa yake kuandikwa huacha pengo, na pengo hilo ndilo mahali ambapo hataza dhaifu huota.

URITHI WAKE

Baada ya kuondoka ICIPE, Odhiambo aliendelea na juhudi za kuwaunganisha wanasayansi na viongozi wa Afrika kupitia akademia aliyoiasisi. Alifariki akiwa na umri wa miaka 72.

Watafiti waliopitia mikononi mwake wametawanyika katika vyuo na taasisi za bara zima. Jarida aliloliasisi mwaka 1980 linaendelea kuchapishwa, sasa kwa jina lililobadilishwa kidogo. Mitego, mbinu za kilimo na majina ya mimea vimo ndani ya kurasa zake kwa mwaka na mwezi, tayari kusomwa na mkulima, mwanafunzi, au mkaguzi wa hataza aliye mbali ambaye hajawahi kusikia habari za Mbita.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Odhiambo aliitambua kweli hiyo katika sayansi mapema kuliko wengi wa kizazi chake, akaifungulia Afrika daftari lake. Kurasa nyingi za daftari hilo bado ni nyeupe, na wajibu wa kuzijaza umewaangukia waliobaki.